Rangi ya Bluu Hadi Kiunoni

Mwaka wangu wa mwisho wa kusoma uchumi chuo kikuu, mhadhiri alitumia muhula mzima kutueleza namna mfanyabiashara anavyoweza kumwondoa mwenzake sokoni bila kupunguza bei hata kidogo. Wenzangu waliandika mbiombio. Mimi niliweka kalamu chini. Hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyaona kijijini kwetu Silibwet, yakiwa yamevaa koti jeupe, na mpira wa kusikilizia kifua ukining'inia shingoni hata siku ya kwenda kununua mbuzi.

Tulimwita Daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa dresa katika zahanati ya shamba kubwa la chai, mtu wa kufunga vidonda na kugawa vidonge vya malaria, mpaka alipostaafu na kufungua kliniki yake kando ya barabara. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizwe wazee wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nilimjua kwa mambo aliyotufanyia, mazuri na mabaya, na mara nyingi alifanya yote mawili kwa siku moja.

Miaka ile ya tisini vyuo vilifungwa kila wanafunzi walipogoma, na tuligoma sana. Basi nilikaa nyumbani kuliko darasani, asubuhi nikichuma chai na alasiri nikitafuta mtu wa kubishana naye. Benchi la kliniki ya Daktari lilinifaa. Aliniita Msomi, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kumwita mbwa aliyeingia jikoni.

Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbao, sakafu ya saruji, kuta nyeupe juu na bluu chini hadi kiunoni. Bluu ile aliipaka upya kila mwaka kabla ya Krismasi.

"Uchafu wa mgonjwa unaishia kiunoni," alinieleza.

"Na anayekohoa je?"

"Msomi, wewe umekuja kutibiwa au kuuliza?"

Ndani alikuwa na mizani ya ndoano, ile ya kupimia majani ya chai, aliyoinunua kituo chetu cha kuuzia chai kilipoletewa mpya. Aliitumia kupima watoto. Alimning'iniza mtoto ndani ya kitambaa, akasoma sindano ya mizani, kisha akaondoa uzito wa nepi kwa kukisia tu, vile karani wa chai anavyoondoa uzito wa gunia na maji ya mvua.

"Lakini Daktari, leo umekata sana," mama mmoja alilalamika. "Huyu mtoto amenona, hata shingo hana."

"Amekojoa, mama. Hayo ni maji. Maji siandiki."

Mama akamchukua mtoto wake. Kwa karani wa chai alikuwa amezoea kusikia maneno hayohayo, na hakuwahi kushinda.

Kwa muda mrefu Daktari alikuwa peke yake Silibwet, na ukiwa peke yako huna haja ya kuwa mzuri. Akija saa nne, tulisema amewahi. Akikuambia una malaria, ulikuwa na malaria, hata kama ulikuja kwa sababu ng'ombe amekukanyaga mguu. Kisha kijana aliyekuwa akimchemshia sindano akaenda kusomea kozi fupi mahali fulani, akarudi, akafungua kliniki yake ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Tukamwita Kijana wa Ng'ambo.

Mimi nilifurahi kama mtu aliyeletewa maabara nyumbani. Vitabu vyangu vilisema wauzaji wakiwa wawili bei inashuka na huduma inapanda. Nikakaa kwenye benchi kungoja. Kijana akaleta dawa ya maji nyekundu, tamu kama soda. Daktari akajibu kwa kapsuli za rangi mbili. Kijana akaanza kutoa sindano kwa kila ugonjwa, hata mafua. Daktari akatafuta sindano inayouma zaidi, kwa kuwa alitujua: mkulima wa kwetu akichomwa na asiruke, husema amepewa maji. Mwishowe wote wawili wakaleta dripu. Ukipita barabarani siku ya soko ungeona kupitia madirisha yote mawili wazee wenye afya njema wamelala na chupa zikiwadondokea mkononi, wakipigiana kelele kuvuka barabara, kila mmoja akisifu chupa yake.

Bei haikushuka. Ilipanda, maana nani angeamini dripu ya bei rahisi?

Nilimweleza nyanya yangu, Kogo, kwamba jambo hili linapingana na kitabu. Alikuwa akikamua ng'ombe, hakugeuka.

"Ng'ombe namjua kabla sijamnunua," alisema. "Namshika titi, namtazama meno. Dawa nitaijua nikishapona. Au nikishakufa."

Haikumzuia. Kesho yake alikwenda kuwekewa dripu, na hakuwa anaumwa popote. Jirani alikuwa amewekewa.

Daktari alikuwa na msemo wake juu ya vita hivyo. Katika nchi ya wakimbiaji, msemo huo ulipokewa vizuri: "Ushindani ni wa mbio, si wa ugonjwa." Akiona watu wanatikisa vichwa kwa kukubali, aliongeza: "Na hata mbio, kuna mtu anashika filimbi."

Aliyeshika filimbi tulimjua baada ya mambo ya mtu mwingine mwenye koti.

Huyu wa koti alikuwa mtu wa kupita sokoni, mifuko imejaa sindano zisizochemshwa. Alikuchoma nyuma ya kibanda cha viatu, ukalipa, akaenda. Mtoto mmoja wa bonde la chini alichomwa naye, mguu ukavimba, ukaoza, ukapona vibaya. Hadi leo anachechemea. Daktari alipouona mguu ule alitoka kliniki na koti lake, akamfuata yule mtu katikati ya soko, akamvua lile koti jingine mbele ya watu, akazimwaga sindano zote chini na kuzikanyaga moja moja. Yule mtu alikuwa na kisu. Daktari alikuwa na mpira wa kusikilizia kifua. Nasema haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yananiharibia hadithi: kuna siku sheria ya mtu mmoja mwenye hasira ndiyo pekee iliyosimama kati ya watoto wetu na soko huria nililokuwa nikilisifu.

Chifu akasema lazima kuwe na kamati ya kukagua wanaotibu watu. Nani aongoze? Watu wakatazamana. Nani mwingine anajua mambo ya dawa? Ndivyo fisi alivyokabidhiwa bucha, na tukampigia makofi, mimi pia.

Masharti yalitoka upesi. Kliniki iwe na sakafu ya saruji. Iwe na vyumba viwili. Iwe na choo upande wa mashariki. Kuta zipakwe rangi nyeupe juu na bluu chini hadi kiunoni. Nilipoyasikia yakisomwa barazani nilidhani Daktari ananitania. Ni wazi alikuwa amesimama nje ya kliniki yake, akaitazama vizuri, na kilichokuwa mbele ya macho yake kikawa sheria. Kijana wa Ng'ambo alikimbilia duka la rangi siku hiyohiyo.

Halafu Daktari akaja na mpango wake mkubwa, na hapa ndipo nilipotambua kwamba mtu huyu angeweza kutawala nchi. Akasimama barazani akasema vita vya dripu vimewachosha watu, sasa tugawane. Walio juu ya barabara ni wa kliniki yake. Walio chini ya barabara ni wa Kijana. Kila mgonjwa atapewa namba, na asitibiwe penye namba ya mwingine.

Mahali pengine popote duniani watu wangeguna. Sisi ni wakulima wa chai. Tangu baba zetu, kila mkulima ana namba yake na kituo chake, na akipeleka majani kituo kingine anaitwa mtu wa magendo. Mpango ule ulisikika kama jambo tulilolijua siku zote. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Maswali yalikuwa ya utaratibu.

"Msichana akiolewa chini ya barabara," akauliza mzee mmoja, "namba yake inahamishwa, au anapewa mpya?"

"Inahamishwa."

"Na mimi," akauliza mwingine, akisimama kwa fimbo, "nikiugua sana mwaka huu, bonasi yangu itakuwa ngapi?"

Nilicheka mpaka nikatazamwa. Mzee hakuwa anatania. Mwenye chai nyingi hupata bonasi kubwa mwisho wa mwaka. Kwa nini mwenye ugonjwa mwingi asipate?

Daktari hakucheka. "Bonasi yako, mzee, ni kuwa hai," alisema, na mzee akaketi, ingawa uso wake ulionyesha kwamba ameshaibiwa.

Kogo, wa juu ya barabara, alipenda dawa nyekundu ya chini. Alijitwika kikapu cha chai mgongoni, akavuka kana kwamba anakwenda dukani, akaingia kwa Kijana kupitia mlango wa nyuma. Daktari alimnasa akirudi.

"Kogo! Unauza ugonjwa wako magendo?"

"Ugonjwa ni wangu," Kogo akamjibu bila kusimama. "Nitauza penye mizani nzuri."

Haya yote yangebaki kichekesho kama si Sista.

Sista alitoka upande wa ziwa. Alikuwa mkunga katika hospitali ya shamba la chai mpaka shamba lilipopunguza wafanyakazi, na badala ya kurudi kwao alikodi nyumba ya udongo chini kabisa, karibu na mto, akaweka kitanda cha kuzalishia. Wanaume wa kwetu walimsengenya kwa sababu ya kabila lake. Wake zao walikwenda. Daktari hakuzalisha. Mama mwenye uchungu akija kwake alimwandikia aende hospitali ya wilaya, na mvua ikinyesha gari lililoingia barabara ile lilitoka kwa kuvutwa na trekta. Kijana naye hakuzalisha, aliogopa. Kwa hiyo kati ya mwanamke wa bonde letu na tope lile alikuwapo Sista peke yake. Na dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza, amevimba miguu, mtoto amekataa kugeuka.

Sista alikwenda kuomba leseni kwenye kamati.

"Wewe uko kituo gani?" Daktari akamuuliza.

"Mimi? Wagonjwa wangu wanatoka juu na chini. Uchungu haujui barabara."

"Basi huna kituo. Tutakuja kukagua."

Walikuja siku ya mvua, mchana, Daktari mbele, nyuma yake mzee wa kijiji na Kijana wa Ng'ambo aliyebeba kufuli mpya. Mimi nilikuwa mlangoni. Dada yangu alikuwa ndani tangu asubuhi.

"Sista, hujambo. Tumekuja kukagua."

"Karibuni, lakini niko na mama ndani, na mtoto ametanguliza matako. Anzeni nje."

Daktari akazunguka. Udongo ulikuwa umesiribwa vizuri na kupakwa chokaa nyeupe kutoka juu hadi chini. Palinukia sabuni. Shuka zilikuwa zimeanikwa chini ya paa.

"Bluu iko wapi?"

"Daktari, mtoto akitoka huwa anauliza rangi?"

Mzee wa kijiji alicheka, akajisingizia kikohozi.

"Sheria ni sheria," Daktari akasema. "Kijana, lete kufuli."

Hapo dada yangu akapiga ukelele ambao bado naukumbuka. Sista akatazama ndani, akageuka, mikono yake imeinuliwa isiguse kitu.

"Funga basi. Lakini ufunge ukiwa ndani. Nahitaji mikono mingine, na hawa wawili wako naona walikuja na kufuli tu."

Daktari alisimama kidogo. Kisha akavua koti jeupe, akanipa mimi nilishike, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila koti. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Akanawa hadi viwikoni, akaingia.

Tulibaki nje chini ya paa, watatu, na koti na kufuli. Tulisikia sauti yake, lakini haikuwa ile ya barazani. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayemtuliza ng'ombe. "Pole pole, mama. Usisukume bado. Bado. Ee, sasa." Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu hata Kijana akaanza kuomba.

Dada alinieleza baadaye. Mtoto alitoka akiwa na rangi ya ukuta wa Daktari, hapumui. Sista alikuwa akizuia damu ya mama. Daktari alimchukua mtoto, akamnyonya makamasi puani kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akampulizia, akatema tena, mpaka mtoto akalia.

Alipotoka nilimpa koti lake kwa mikono miwili. Mimi niliyetilia shaka kila kitu, siku hiyo niliamini: nilidhani mtu akishaona ushahidi kwa macho yake, jambo limekwisha.

Daktari akafunga vifungo vyote, akamgeukia mzee wa kijiji.

"Huduma ni nzuri sana. Hilo ulikumbuke, umwambie Chifu. Rangi hakuna. Hilo pia umwambie."

Kufuli liliwekwa asubuhi iliyofuata, dada alipokwisha kubebwa nyumbani. Kwa hilo la kungoja, watu walimsifu Daktari kuwa ana utu.

Nilimfuata kliniki kwake.

"Umeona kwa macho yako! Umeona kazi yake!"

"Nimeona. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Akanitazama bila hasira, karibu kwa huruma. "Msomi, mwenye dawa mbaya simwogopi mimi. Huyo watu watamwacha wenyewe."

Sijawahi kusikia mhadhara mfupi na kamili kama huo.

Sista alibeba kitanda chake akaenda Mulot, nje kabisa ya mamlaka ya kamati yetu. Msimu huo wa mvua mama mmoja alijifungulia kwenye banda la kupimia chai, juu ya magunia. Watu walitania kwamba mtoto alipimwa kabla mama hajapewa maji. Mama mwingine alikwama kwenye tope njiani kwenda wilayani, na huyo hakuna anayemtania.

Nilitaka Daktari ajute. Hakujuta. Aliendelea kupaka bluu. Aliwatibu maskini bure siku za Jumapili baada ya ibada, na kanisani alikaa mbele. Dawa zilizopita muda alizitupa chooni mbele ya mashahidi, wakati Kijana wa Ng'ambo alikuwa akifuta tarehe kwa kidole. Ukiniuliza kama alikuwa mtu mwema, nitakuuliza: siku gani?

Nilimwona mara ya mwisho muongo ule ukielekea kwisha. Nilikuwa nimemaliza masomo, sina kazi, bado nabishana. Dada alikuwa na mimba nyingine na safari hii hakutaka kubahatisha, nikampeleka Mulot siku chache kabla. Mulot ni vumbi, ng'ombe na malori ya mahindi yanayokwenda Narok. Kliniki ya Sista ilikuwa nyuma ya soko la mifugo, ya mabati, ukuta wa mawe usiopakwa kitu. Foleni ilifika nje.

Kwenye benchi, kichwa kimeinama, alikaa mzee mwenye koti jeupe lililogeuka manjano, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine umefungwa kitambaa. Harufu ya kidonda ilimtangulia.

"Chamgei, Daktari," dada akamsalimu.

Akainua uso. Alitutazama mmoja mmoja, akatutambua, na nikamwona akitafuta njia ya kutokea, lakini benchi lilikuwa limejaa.

"Chamgei. Yule wa kwanza," akamuuliza dada, "anapumua?"

"Anapumua, tena anatupigia kelele nyumba nzima. Lakini Daktari, hapa si nje ya kituo chako?"

"Nimekuja kukagua," akasema.

Hakuna aliyecheka. Dada akamsogelea, akaketi pale penye nafasi ya nusu mtu. Baadaye kidogo nikamuuliza, kwa upole ulionishangaza mwenyewe, kwa nini na mguu kama ule hakutibiwa Silibwet. Sukari ilikuwa imemshinda, alikuwa amestaafu kwa mara ya pili, na kliniki ile yenye bluu alikuwa amemwachia Kijana wa Ng'ambo, ambaye sasa alitibu juu na chini ya barabara, peke yake.

Lori moja likapita, akafunika kile kitambaa kwa pindo la koti mpaka vumbi likatua.

"Yule nilimfundisha mimi mwenyewe," akasema. "Najua yote asiyoyajua."

Mlango ukafunguka. Sista alikuwa ameongeza mwili na miwani. Alimtazama mzee kwenye benchi, akatazama kile kitambaa, na kama kulikuwa na neno alilolitunza miaka yote kwa ajili ya siku hiyo, sikuliona likipita usoni pake. Watu waliotangulia walianza kunung'unika. Akawanyamazisha kwa kiganja.

"Mzee, ingia wewe. Kiatu acha hapo."

Hakumwita Daktari. Mzee akavua kiatu, akaegemea ukuta wa mawe kwa mkono mmoja, na akaingia polepole. Mlango haukufungwa vizuri. Tukamsikia akivuta pumzi kitambaa kilipobanduliwa, kisha akikohoa, kisha sauti yake ya barazani, ile ya zamani:

"Sista, huu ukuta unataka rangi."

"Nyoosha mguu."